Kizibo cha Boti ya Baba

Kambi ya Hifadhi, Ziwa Tatum,
Oklahoma.
9 Julai

Mpendwa mdogo wangu Ardith,

Hujambo huko Alaska? Natumaini goti lako limepona, na yule mumeo apendaye baridi bado anapumua. Sisi huku tu wazima, ila joto linatukaanga na mbu wa ziwani wamenenepa kwa damu yangu. Kadi yako ya sikukuu ilifika. Dubu wa kwenye picha ni mzuri, lakini dubu hawezi kumshika Baba mkono, na mwaka huu pia hukuja. Usinune, ni kweli.

Tumepiga kambi palepale karibu na bomba la maji. Kaka yetu Delmer kaja na hema lake linalonuka panya. Nimemwambia mbele ya majirani kwamba hata panya wenyewe walilihama. Hakucheka.

Sasa nikupe habari ya boti. Unaikumbuka sheria ya Baba: atakayeishusha majini bila kuziba lile tundu la nyuma la kutolea maji ya mvua, hagusi ufunguo tena maisha yake, na kambini kazi yake ni viazi. Delmer alisahau kizibo angali kijana mbichi, na mpaka leo kichwa kimejaa mvi anamenya viazi. Kila kiangazi Baba alimwita Mpishi mbele ya mkewe, hadi mke akaenda zake. Sisemi aliondoka kwa sababu hiyo. Ila sote tulicheka, na wewe ulicheka kutushinda.

Jumamosi asubuhi magari yalikuwa foleni kwenye mteremko wa kushushia boti. Baba akarudisha trela nyuma, imenyooka vilevile kama zamani. Kizibo kilikuwa mezani kambini, kando ya mkate. Delmer alikiona. Nilimwona akikifunika kwa kofia yake, nami nikadhani anazuia nzi.

Boti ilielea kidogo, kisha matako yake yakaanza kuzama. Baba akaingia majini hadi mapajani, akawa anapapasa lile tundu kwa vidole. Jamaa mmoja kwenye foleni akauliza, “Mzee, hiyo ni boti au karai la kuogea?” Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Baba ndiye aliyemlea Delmer.

Delmer akashuka taratibu, akanyoosha mkono. “Ufunguo, Baba. Sheria uliitunga mwenyewe.”

Nilitegemea matusi. Baba akampa ufunguo, akauliza tu kama kuna aliyeumia. Mchana akamenya viazi, maganda manene mpaka hapakubaki cha kupika. Tulikula kambare na mkate.

Jumapili Baba aliamka kabla yetu, kavaa jaketi la kuelea na kofia yake ya ndoana, akamwomba Delmer ufunguo. Delmer alidhani anataniwa. Baba hakukumbuka chochote, Ardith. Ikabidi Delmer amsimulie upya, na uso wa Baba ukaanguka upya. Akauliza kama kuna aliyeumia. Kisha akachukua kisu, akakaa kwenye viazi.

Jumatatu ikawa hivyohivyo, na jana pia. Kumrudishia ufunguo haiwezekani sasa, maana asiyeijua jana yake hapewi injini. Delmer alinifuata nyuma ya mabafu akilia, akaniomba angalau siku moja nimwambie Baba mimi. Nikamwambia nilikiona kizibo chini ya kofia. Nikamwambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, ufunguo aliutaka, basi akae nao. Nilisema kwa raha kabisa, na raha yenyewe haikufika jioni.

Leo asubuhi Baba hakuomba ufunguo. Alikaa kwenye benchi kando ya Delmer, akamtazama kwa adabu kama mtu wa kambi ya jirani.

“Bwana,” akasema, “ukimwona mwanangu Delmer, mwambie aje. Mwaka huu nataka boti aishushe yeye. Nimemtesa vya kutosha.”

Delmer alikuwa ameweka mkono mfukoni, ufunguo uliko. Akasema, “Nitamwambia, mzee.”

Tangu hapo boti iko juu ya trela, nami ndiye niliyekaa kumenya viazi.

Nisalimie mumeo, na wanao Curtis na Nadine, ambao Baba huwataja bado. Delmer ningesema anakusalimu, lakini sijathubutu kumuuliza. Mungu akulinde, mdogo wangu, na akutie haya mpaka upande ndege wiki hii, ungali binti wa mtu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinichukia,
Wanetta