Katuni Unazotazama Nakuru Bila Mimi

Aber, binti yangu,

Jana Jumamosi nilitazama sehemu ya tisa ya katuni yetu peke yangu. Wale wasichana wanne wa klabu ya bustani wamepanda tena, safari hii matango, na tena wamesahau kumwagilia maji. Yule mwenye miwani anayaomba matango msamaha kwa hotuba ndefu, sare yake imepigwa pasi, na wenzake wamesimama mstari kama watu walio msibani. Nilicheka. Halafu nikageuka kukutazama unavyocheka, nikaona ukuta.

Nakuandikia kwa sababu siku hizi hupokei simu yangu. Kuna jambo nililokufanyia ambalo sijalisema kwa mdomo. Naandika polepole, kwa Kiswahili nilichojifunza kwa mama yako, si kile cha kambi ya jeshi ninachoongea kila siku.

Unakumbuka ulipovunjika mguu? Ulikuwa na miaka saba, ukakaa wiki sita na plasta hapa Kyebando, umenuna. Nilishuka Bukoto kwa yule mama anayeuza filamu, nikamwomba anijazie flashi filamu za vita. Kufika nyumbani tukakuta katuni za Kijapani tupu. Ya kwanza ilikuwa ya jini mdogo anayeishi jikoni kwa mama muuza tambi, jini anayeogopa moto. Nilitaka kuirudisha flashi siku ileile. Ukasema, "Baba, acha kwanza."

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, nayo yalipita kabla hujamaliza kuyasoma. Ukaniambia, "Basi wewe kuwa vijei," kama wale watu wa vibanda vya filamu wanaotafsiri kwa Kiluganda huku picha inaendelea. Kiluganda changu ni cha sokoni tu, na Kiacholi changu mama yako hakukielewa, kwa hiyo nikatumia Kiswahili cha kambi. "Nani nawasha moto hapa? Hii moto iko na ruhusa ya nani? Toka! Toka mbio!" Jini mwenye urefu wa kijiko akapata sauti ya sajini. Ulicheka mpaka ukawa unagonga ukuta kwa plasta. Jirani akaja kuuliza nani anakamatwa. Mama yako akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akataka kukasirika, akashindwa.

Kazini Mbuya, kwenye stoo ninakogawa mabuti na sare, hakuna aliyejua kwamba sajini wao hushinda Jumamosi akiwa jini. Tuliendelea hivyo miaka, hata ulipokuwa unasoma Kiingereza haraka kuliko mimi. Ulikuwa unafunika maandishi kwa kiganja ili nisiyasome, nibuni mwenyewe.

Mama yako alichoka kuningoja kila nilipopelekwa mbali, akarudi kwao Kenya. Sikumlaumu. Ulipofika miaka kumi na miwili akakuchukua ukasome Nakuru, naye alikuwa ameshaolewa na Mwalimu Wafula, anayefundisha Kiswahili sekondari. Mimi na wewe tukapatana: kila mmoja atazame sehemu mpya Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa tupigiane simu tuichambue. Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha kila Jumapili.

Halafu siku moja ukaniambia, "Baba, huku Mwalimu ndiye anatutafsiria. Nyanya, mama yake, hajui Kiingereza. Jana alicheka mpaka akamwaga chai!"

Nikauliza, "Anatafsiri vizuri?"

"Vizuri kabisa. Halafu kumbe wewe ulikuwa unakosea! Si 'hii moto,' ni 'moto huu.' Nilimwigizia Mwalimu unavyosema, akacheka sana."

Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti kubwa ili usisikie kitu kingine.

Tangu siku ile niliona wivu, Aber, na sikujua kwamba mtu wa umri wangu anaweza kuuona kiasi kile. Mama yako kuolewa hakukuniuma hivyo. Nilichukua ile picha uliyonitumia ya sikukuu, nikamkuza Mwalimu mpaka nikahesabu kalamu mfukoni mwake. Tatu. Mtu gani anakwenda sikukuu na kalamu tatu? Nilitazama kochi mnalokaa, nikapima kwa macho nafasi iliyo kati yako na yeye. Kila kichekesho kilipokuja kwenye katuni nilijiuliza yeye angekisemaje, na katika kichwa changu alikisema vizuri kuliko mimi, na wewe ulicheka. Nikawa natazama kama mtu anayefanya mtihani.

Ndipo ikaja sehemu ya saba ya klabu ya bustani. Wasichana wameilea karoti moja tangu mwanzo. Wanaing'oa mbele ya shule nzima, ni kubwa kama mkono, wanalia, wanakumbatiana. Nilikuwa nimeamka mapema kuitazama kabla yenu. Ilipokwisha nikakurekodia ujumbe wa sauti: karoti ile si yao, mwalimu wao wa bustani aliinunua sokoni alfajiri akaichomeka kwenye udongo. Niliusema mwisho wote, neno kwa neno, kwa sauti ya kuchekesha. Ukiniuliza leo nitajidai nilisahau kwamba hamjatazama. Sikusahau. Nilijua utaufungua mbele yao. Nilitaka Mwalimu abaki bila kitu cha kutafsiri.

Jumapili hukupiga. Nikapiga mimi, hukupokea. Jumapili iliyofuata vilevile.

Jumatatu ikaingia namba ya Kenya. "Baba Aber, hujambo? Ni Wafula, wa Nakuru. Nisamehe kukusumbua kazini. Nina ombi."

Nikasema, "Sema, Mwalimu."

"Mtoto amegoma kutazama na sisi."

"Kwa sababu ya ule ujumbe wangu?"

"Ule alilia, lakini umepita. Hili ni jambo lingine. Tumeanza kutazama ile katuni yenu ya jini wa jikoni, naye anasema jini wangu si jini. Anasema jini lazima aongee kama wewe. Nimejaribu, ananiambia naongea kama nasoma taarifa ya habari. Nikaona nikuulize mwenyewe, unamsemaje?"

"Lakini si ulikicheka Kiswahili changu?"

"Nilicheka, ndiyo. Jini akisema 'moto huu una ruhusa ya nani,' hakuna anayecheka. Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na sijui kusema kama wewe."

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Nilijiambia huyu mtu ana nyumba ulimo, ana Jumamosi zako, ana mama yako, sasa anataka na mdomo wangu. Usiku sikulifikiria ombi lake, lakini mchana kutwa nilikuwa nalo, nikampa askari mmoja mabuti yote mawili ya mguu wa kushoto. Nikawaza nimpigie nimfundishe vibaya, akajiaibishe mbele yako. Hata maneno niliyaandaa. Kilichonishinda ni lile neno lake, kwamba ulilia. Mimi nilidhani ninampiga yeye.

Jumatano saa ya chakula nikaingia katikati ya rafu za mabuti, nikampigia. "Sema baada yangu, Mwalimu: hii moto iko na ruhusa ya nani?"

Akasema kwa upole kabisa.

"Hapana! Unaomba ruhusa au unatoa amri? Tena!"

Akapiga kelele. Nikasikia walimu wenzake wakicheka nyuma yake, na huku kwangu watu wawili wakachungulia mlangoni kuona sajini anamfokea nani. Tulikwenda hivyo nusu saa. Hana kipaji, Aber, nakwambia ukweli, lakini hachoki. Mwisho akasema, "Asante, ndugu yangu."

Nisamehe kwa karoti. Ulikuwa umeingoja wiki saba, na nilikunyang'anya kwa makusudi, kwa sababu ya mtu mwingine. Sitatazama tena kabla yenu. Nitangoja Jumapili jioni, mkishamaliza wote, na ukipenda kunipigia nitapokea.

Usifikiri wivu umekwisha. Jana nilipocheka nilijua kwamba mahali fulani Nakuru mnacheka pia, na iliniuma. Heri uujue kutoka kwangu kuliko uusikie tena kwenye ujumbe wa sauti.

Jambo moja la mwisho. Kabla ya kuagana Mwalimu aliniuliza, "Na yule bibi mzee anayeshona miavuli, anayepita mlangoni pa jini kila sehemu bila maandishi ya chini, yeye anasemaje?" Wewe unajua anavyosema. Tulimpa Kiacholi cha mama yangu, na matusi yake yote, na hata mama yako hatukumtafsiria.

Nilimwambia Mwalimu kwamba huyo ni bubu. Tafadhali, mwanangu, usimwambie.

Ni mimi,
Baba yako
Kyebando