Hodi kwa Asiyesikia

Michenzani, Unguja

Baba yangu,

Shikamoo. Na Mama, ambaye najua ameshaketi karibu yako akingoja umsomee, naye shikamoo yake. Goti lake limepoa, au bado analichua kwa mawese kila jioni? Na masikio yako wewe, vipi? Kaka Idi ameniambia kwamba siku hizi hata cherehani yako huisikii, unajua inakwenda kwa kutetemeka kwake mguuni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nikimpa Idi habari zangu kwa simu akufikishie, huzifupisha mpaka zinabaki "hajambo, anasalimu."

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Bado napanga chumba kwa Bi Fatma, yule mjane niliyekwambia, katika majumba marefu ya Michenzani. Tuko ghorofa ya juu kabisa na maji hayapandi kila siku, kwa hiyo napanda ngazi na ndoo. Miezi ya mwanzo niliwahi kukaa katikati ya ngazi nikalia, si kwa uzito wa ndoo, ila kwa kuona kwamba watu wote wanaonipita wanajuana na mimi sijui hata mmoja. Sasa wananiita "Mmanyema wa Bi Fatma" na wananipokea ndoo. Bi Fatma hunicheka nikisema "nimekwisha kula." Yeye husema "nshakula," na siku hizi hata mimi linaniponyoka, mtanicheka ninyi nikirudi Ujiji.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, maana majirani wanakuuliza na huna la kuwajibu isipokuwa "anatengeneza simu." Sitengenezi simu, Baba. Ofisi yetu iko Mji Mkongwe, ghorofani juu ya duka la vitambaa, katika kichochoro ambacho vespa ikipita lazima ujibane ukutani. Mwenye ofisi ni Bwana Harshad, Mhindi wa hapahapa. Babu yake aliuza viungo katika jengo hilohilo. Tunaandika programu, yaani maagizo ambayo simu inayafuata. Kazi yangu mimi ni kuhakikisha kwamba mtu akishika simu yake anaelewa afanye nini, bila kuona aibu wala kutafuta mwalimu. Ni kama wewe unavyompima mtu kabla ya kukata kitambaa. Kanzu ya shehe mwenye kitambi huikati kwa mwili wa Idi.

Mwaka huu tulipewa kazi ya wajawazito wa vijijini. Mwanamke akiona dalili mbaya, damu, au kichwa kinachouma kama kinapasuka, au uchungu kabla ya wakati, aweze kumwita mkunga na gari kwa pamoja. Tulianzia Michamvi, kwenye ncha ya kisiwa upande wa mashariki, ambako ukitaka hospitali kubwa una safari.

Tulikosea mwanzoni. Tulitengeneza kitu cha kupendeza chenye maandishi na rangi, cha simu kubwa. Wanawake wa kule wanalima mwani. Vidole vyao vina maji ya chumvi na simu kubwa haisikii kidole chenye maji. Wengi wana simu ndogo za kitochi, na wengine kusoma kunawapa tabu. Basi tukageuza ikawa ya sauti. Unapiga namba fupi, unaulizwa maswali, unabonyeza. Sauti ya kwanza ilikuwa yangu. Walipoisikia walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, unatuuliza habari za damu kama unasoma taarifa ya habari." Tukamwomba Bi Mwaka, mkunga wa kituo cha afya cha palepale, arekodi yeye. Sauti yake ni nzito na haina haraka: "Mwanangu, ni mimi Bi Mwaka. Kama unatoka damu, bonyeza moja. Usione haya." Tangu siku hiyo hawakucheka tena, walianza kuitumia. Dereva naye tulimpa sauti, kwa sababu mtu aliyeshika usukani hawezi kusoma. Akipigiwa, anaambiwa ni nani anayehitaji gari, kisha anampigia mama mwenyewe kuuliza yuko wapi.

Bwana Harshad akafurahi. Wakubwa waliotupa kazi walikuwa waje kuiona, na wakiiridhia itapelekwa kisiwa kizima.

Sasa nikusimulie habari ya Mize. Tulikuwa barazani kwa Bi Mwaka tukiwaonyesha wanawake namna ya kupiga ile namba. Kila mmoja ameweka simu sikioni. Ukutani alikaa mwanamke kijana, mimba yake imeshakuwa kubwa, kitochi chake kimelala mapajani, naye anatazama midomo ya watu. Nikamwendea. Wifi yake akanigusa bega.

"Huyo Mize, mke wa kaka yangu Makame," akaniambia. "Hasikii tangu utotoni. Usijitaabishe naye, hilo lenu la kusikiliza halimhusu."

Hakusema kwa ubaya. Na Mize akanitabasamia, kama mtu aliyezoea kuachwa nje bila kufukuzwa. Nikakuona wewe, Baba, umekaa na wenzako mbele ya duka, wao wanacheka na wewe unatikisa kichwa kwa sababu hujui wanachekea nini. Tulikuwa tumewafungulia wasiosoma, na kwa ufunguo uleule tumemfungia huyu.

Nilirudi mjini nikamweleza Bwana Harshad. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Rukia, huyu ni mtu mmoja," akasema. "Tumalize hii kwanza. Yeye tutamrudia."

Nikamwambia mtoto wa Mize hatangoja tumrudie mama yake. Akasema nifanye, ila saa za ofisi zibaki kwa kazi ya ofisi. Kwa hiyo nikawa nakwenda Michamvi siku zangu za mapumziko. Bi Fatma aliniuliza kama nimepata mchumba huko.

Mize alisoma miaka kadhaa katika skuli ya mjini pamoja na watoto wengine wasiosikia. Anasoma polepole na anaandika vizuri. Ukimtazama uso kwa uso ukasema bila haraka, anakuelewa. Nilimpelekea ujumbe wa maandishi wenye dalili zote zimepangwa, achague. Aliusoma, akaiweka simu chini, akajikunja akishika tumbo kwa mkono mmoja, akauchezesha ule mwingine hewani kama mtu anayepapasa gizani. Nikaelewa. Mtu mwenye uchungu hachagui. Tukakubaliana kwamba yeye atatuma ujumbe mtupu tu, basi. Kisha akaichukua kalamu yangu akaandika: "Nitajuaje kama wamenisikia?"

Hapo nikaikumbuka cherehani yako. Tukafanya hivi: akituma ujumbe wake, simu inatetemeka mkononi muda mrefu, halafu yanatokea maneno GARI LINAKUJA. Na dereva akipigiwa, sauti inamwambia asimpigie simu huyu mama, hasikii, aende moja kwa moja. Khatibu, dereva wetu, nyumba ya Makame anaijua.

Siku ya wale wageni wakubwa ilipofika, Bwana Harshad alitaka nizime kwanza hilo jaribio la Mize, kisije kikatokea kitu mbele ya watu. Nikamwomba aliache. "Haya," akasema, "lakini ikituaibisha utajibu wewe."

Ilikuwa asubuhi. Wageni wamekaa, kahawa na halua ziko mezani, Bwana Harshad anaeleza huku ukutani kuna skrini kubwa inayoonyesha kila simu na ujumbe unaoingia. Katikati ya maneno yake jina la Mize likajitokeza kwa rangi nyekundu. Bibi mmoja katika wageni akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama tumelipanga hilo kuwaonyesha.

"Hapana, Bibi," nikasema. "Huyu ni mtu kweli."

Mimi nikampigia Bi Mwaka. Alikuwa upande wa pili wa kijiji kwa mgonjwa mwingine, akaniambia anakwenda mbio. Bahari ilikuwa imekupwa, wanawake wote wako kwenye mwani. Makame ni fundi mwashi na alikuwa Paje wanakojenga hoteli. Kwa hiyo Mize alikuwa peke yake. Khatibu alishawasha gari, skrini ilionyesha hivyo. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda kama tulivyokipanga, na moyo wangu ukaanza kutulia.

Kisha simu yangu ikalia. Ni Khatibu.

"Nshafika," akasema. "Nimepiga hodi mpaka nimechoka. Mlango umerudishwa tu, lakini hapana anayeitika."

Baba, tulifikiria simu, tukafikiria dereva, tukafikiria mpaka muda wa kutetemeka. Hatukufikiria mlango. Nani anapiga hodi kwa mtu asiyesikia? Nikamwambia aingie. Akasita. Akasema hawezi kuingia ndani kwa mke wa mtu, naye yumo peke yake, kijiji kitasema nini. Nilimwelewa. Bwana Harshad akaichukua simu mkononi mwangu.

"Khatibu, ingia sasa hivi," akasema. "Kwa Makame nitakwenda mimi mwenyewe kumweleza."

Tukasikia mlango, kisha viatu vyake kwenye sakafu, akiita jina la Mize bila faida. Kisha akasema, "Yupo. Yupo uani." Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, khanga yake imelowa damu, ameishika simu kwa mikono yote miwili akiyatazama yale maneno yaliyomwambia gari linakuja. Lilikuwa limekuja na yeye hakujua. Bi Mwaka akawakuta wanatoka, akapanda naye.

Wale wageni hawakuondoka. Kahawa ikapoa na hakuna aliyegusa halua. Bwana Harshad alisimama dirishani akitazama kichochoroni, na sikumwona akigeuka mpaka Bi Mwaka alipopiga simu kutoka hospitali. Walimpasua. Mtoto wa kike, mdogo lakini analia kwa nguvu. Mama ameongezewa damu, amefumbua macho. Nilikwenda nikaketi kwenye ngazi za duka la vitambaa nikalia, na mwenye duka akaniletea maji bila kuniuliza.

Bwana Harshad alitimiza neno lake. Kesho yake tulikwenda pamoja kwa Makame, na Khatibu tukamchukua. Khatibu akaanza kuomba radhi kwa kuingia. Makame akamshika mkono na hakuuachia.

"Ungebaki nje," akamwambia, "hapo ndipo tungekosana."

Siku hizi dereva akifika anabonyeza mara moja, na simu ya mama inatetemeka tena: GARI LIKO MLANGONI. Na kila mwanamke anayejiandikisha anataja jirani wa kuingia ndani iwapo hatatoka. Wageni wameiridhia kazi. Itaanza kutembea kisiwani, kwanza Kizimbani kwenye mashamba ya viungo, na Bwana Harshad ameagiza kwamba Mize na wenzake wawili aliosoma nao wajaribu kila kitu kabla hatujakitoa. Mkutanoni akamaliza hesabu za kazi, akatutazama, akauliza, "Nani mwingine hatujamfikiria?" Nikasema wasioona. Mwenzangu akasema wanawake ambao simu ya nyumbani ni moja na waume zao wanaondoka nayo. Tulikaa mpaka adhuhuri.

Kwa sababu hiyo, Baba, sikukuu hii ya Idi sitakuwa nanyi. Najua Mama ameshaanza kunihesabia sahani. Mniwie radhi. Ningekuwa nafanya kazi nyingine ningeiacha nikapanda boti na treni.

Juzi nilikwenda kumwona Mize. Nilimpelekea mchoro wa kitu nilichokuwa nimekifikiria njiani, kama saa ya mkononi, ambacho kingetetemeka mtoto akilia. Aliutazama kwa adabu. Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya kifua cha mtoto, akauacha hapo. Mtoto alikuwa amelala. Punde nikahisi pumzi yake inabadilika chini ya kiganja, inakuja haraka haraka, na hapo ndipo alipopanua mdomo akalia. Mize alikuwa ameshamnyanyua.

Akaandika: "Mimi hujua kabla hajalia." Nikaona haya, nikaanza kuukunja mchoro wangu. Akanizuia, akaonyesha kwa kidole beseni la nguo lililokuwa uani, akaandika tena chini yake: "Lakini nikiwa nafua, sijui. Nitengenezee."

Basi ndiyo kazi niliyo nayo wiki hii.

Mpe Mama mkono wangu na umwambie karafuu nilizompa msafiri ni za kutia kwenye chai, asiziweke kabatini kama mapambo. Msalimie kaka yangu Idi, naye asikasirike kwa niliyoyasema juu ya simu. Shangazi Zuhura, aliyenifundisha kuandika jina langu, mwambie bado naandika kwa mkono uleule. Na fundi mwenzako Mzee Rajabu, anayekaa nawe dukani, mwombe kwa niaba yangu awe anakugeukia uso anapozungumza. Ni jambo dogo na hatakukatalia.

Mungu akuwekee macho yako, uisome hii bila tabu, na atukutanishe sote tukiwa wazima.

Mwanao,
Rukia