Tofali Lenye Nyayo Mbili

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI (YA NYONGEZA)

Kituo: Mpanda Mjini, Mkoa wa Rukwa
Tarehe na saa: 18 Aprili 1996, saa 4:10 asubuhi
Jina: Marsela Thadei, anajulikana pia kama Mama Lucia
Umri: Miaka 46
Kabila na dini: Mpimbwe, Mkatoliki
Kazi: Mkulima wa mpunga na mahindi
Makazi: Ilembo

Mimi ndiye niliyetoa maelezo hapa kituoni siku ya Jumatatu, tarehe 15 mwezi huu, juu ya Arcade Nzeyimana. Maelezo yale nusu yake ni kweli. Nusu nyingine niliiacha nikiwa na akili zangu timamu, sikulewa wala sikutishwa na mtu. Afande ameniambia nianze mwanzo, kwa hiyo naanza mwanzo.

Mnamo tarehe 10 Aprili, Jumatano, kulipokucha, mbuzi wa mwenyekiti wetu wa kitongoji, Apolinari, hakuonekana bandani. Tulifuata mburuzo wa damu mpaka vichakani, kando ya njia ya kisimani. Watu walikusanyika na kila mtu alikuja na mnyama wake. Huyu anasema fisi, yule anasema mondo, na mondo mwenyewe kazi yake ni kuku, mbuzi atamuweza wapi. Kaka yangu Silvester alisema simba. Silvester hata paka wa jirani akilia yeye husikia simba. Hatukuelewana, ila toka siku hiyo wanawake tulikwenda kisimani wanne wanne, tukigonga ndoo.

Nina binti, Lucia, umri wake miaka 22, yupo kwangu na ana mimba ya miezi saba. Kabla ya hii zimeharibika mbili. Afande anasema hilo halihusiani na tukio. Linahusiana, na naomba liandikwe.

Arcade ni Mrundi, mfyatua matofali. Ana kibali cha kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba kuja kufanya kazi mjini, na tumekuwa majirani miaka mitatu. Ukuta wa jiko langu ulipoangushwa na mvua, ni yeye aliyeujenga upya. Zamani aliwahi kuwabebea mizigo askari wa wanyamapori, basi mambo ya porini anayajua kuliko sisi tunaoyapigia kelele.

Siku ya Jumatatu tarehe 15, redio ya Apolinari ilikuwa imemaliza taarifa ya habari ya saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa njiani kwenda kisimani, nimewatangulia wenzangu hatua kama hamsini. Pale penye tope nilimkuta Arcade amepiga magoti. Alikuwa ameshindilia kalibu yake ya kufyatulia matofali juu ya tope, anakata pembeni kwa panga, taratibu, kama mtu anayekata keki ya harusi. Nilichungulia. Ndani ya kalibu mlikuwa na unyayo wa mnyama, na pamoja nao unyayo wa mtu, mguu wa kushoto, kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake. Mguu ule nimeuosha mimi toka siku ulipozaliwa. Ni wa Lucia. Alikuwa amepita hapo na wenzake jana yake jioni.

Nilimuuliza, "Unachukua nini hapo?"

Alinijibu, "Shikamoo mama. Nachukua unyayo wa huyu mnyama. Juzi nilipeleka matofali Shanwe nikapita kwa bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, akasema hawezi kuja kwa maneno ya watu, anataka kuona alama. Leo namfikishia."

Hayo ndiyo maneno yake. Niliyasikia vizuri, hapakuwa na upepo wala kelele.

Kwetu udongo wa unyayo wa mtu hauchezewi. Anayeuchukua amemchukua mwenyewe, na mwenye mimba ndiye anayechukuliwa upesi zaidi. Mimi ni Mkatoliki, nasali kila Jumapili, lakini asubuhi ile nilikumbuka zile mimba mbili. Niliacha ndoo palepale nikarudi mbio. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Silvester, yuko na Apolinari na vijana wengine wanne. Nikawaambia, "Arcade amekata unyayo wa Lucia."

Silvester akauliza, "Anaupeleka wapi?"

Nilinyamaza. Kumjibu kulihitaji maneno machache tu, "kwa bwana nyama", na nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na hofu, na nilitaka mtu wa kuvibeba.

Ilipofika kama saa mbili kasoro walimkuta kwenye tanuru lake. Nilikuwepo. Wa kwanza kumpiga ni Silvester Thadei, kaka yangu wa tumbo moja, alitumia mpini wa jembe. Wengine walifuata kwa mateke. Arcade hakurudisha. Alikuwa anasema, "Muulizeni Mama Lucia, nimemwambia." Alilisema hilo mara tatu. Watu wakanigeukia, mimi nikatazama chini. Apolinari ndiye aliyewazuia, mkono wa kulia wa Arcade ukiwa umeshavunjika.

Silvester alitaka kulipasua lile tofali bichi. Nililinyakua, nikalikumbatia kifuani na tope lake, kwa sababu niliogopa likivunjika na mwanangu atavunjika. Nililiweka chini ya kitanda changu, nikalifunika kwa karai.

Siku hiyohiyo Apolinari alimleta Arcade hapa kwa barua, kwa kosa la uchawi. Nikaandikisha maelezo. Afande aliniuliza kama mtuhumiwa alieleza sababu ya kuchimba udongo ule. Nilisema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka. Nilijua pia kwamba bwana nyama amesafiri kwenda Ikola, na kwamba bila mimi Arcade hana mtu wa kumsemea.

Jana Jumatano, tarehe 17, saa kumi na moja na nusu jioni, jua bado lipo, nilikuwa naanua mpunga uani. Lucia alikuwa anaoga kwenye bafu letu la nyasi, kama hatua kumi na tano kutoka niliposimama. Kuku wakanyamaza. Nikainua macho nikamwona mnyama amelala chini nyuma ya bafu, amebana masikio, anatazama nyasi zilipokuwa zinatikisika. Ni wa rangi ya majani makavu, madoa meusi yamejikusanya kama vikombe, mkia mrefu unaocheza nchani peke yake. Sikupiga kelele. Nilichukua ungo nikaupiga kwa mwiko, nikapiga, nikapiga, huku natembea kumfuata. Alinitazama kwanza. Kisha akainuka, akaondoka polepole, bila haraka yoyote, akichechemea mguu wa mbele. Lucia akatoa kichwa akauliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia avae.

Usiku sikulala. Leo alfajiri nilifunga tofali kwenye khanga, nikalibeba kichwani mpaka hospitali, alikolazwa Arcade. Askari anayemlinda aliniruhusu dakika chache. Nilitegemea atanigeuzia uso, na ningeona ni haki yake. Aliona umbo la tofali ndani ya khanga, akauliza, "Umelikausha juani au kivulini?"

Nikasema kivulini, chini ya kitanda.

Akasema, "Vizuri. Juani lingepasuka."

Akaniambia nilifungue. Kwa mkono wake mzima akanionyesha. Hakuna alama za kucha, kwa hiyo si fisi wala mbwa, mnyama wa jamii ya paka huficha kucha akitembea. Upana wake ni wa kisahani cha chai. Mondo asingefika hapo, na wa simba ungejaa sahani ya ugali. Ni chui. Kidole kimoja cha mbele hakipo, huenda kilikatwa na waya wa mtego, na chui wa hivyo hawezi kukimbiza swala, anatafuta wa polepole.

Nikamuuliza kwa nini hakukata unyayo mwingine, njia nzima ilikuwa na tope, kwa nini uleule wenye mguu wa mwanangu.

Akasema, "Mama, angalia nani kamkanyaga mwenzake."

Nikaangalia. Unyayo wa chui uko juu. Umekanyaga kisigino cha Lucia, na kingo zake zimezama laini, kwa kuwa tope lilikuwa bado bichi. Alikuwa anamfuata mwanangu kwa nyuma, karibu. Arcade aliliona hilo toka Jumatatu, na hakunitamkia pale njiani ili nisishtuke.

Nilikuwa na tofali hilo chini ya kitanda siku tatu. Nililitazama asubuhi na jioni, na kila nilipolitazama niliuona mguu wa mwanangu tu.

Nimelileta hapa liwe ushahidi. Arcade Nzeyimana si mchawi. Aliniambia ukweli na mimi nikaufungia. Kama sheria ina adhabu kwa mtu aliyenyamaza, ipo haki yangu ndani yake, na Silvester naye yake ipo, ingawa mama yetu bado yu hai na sijui nitamtazama vipi.

Nimesomewa yote na koplo, nimeyasikia, na safari hii sikubakiza neno.

Dole gumba la kulia la shahidi: (limewekwa)

Maandishi ya mpokeaji maelezo: Nimepokea tofali moja la tope, limekauka, zima, lenye nyayo mbili. Bwana nyama amerejea kutoka Ikola leo saa 6 mchana, ameliona, na amethibitisha kuwa ni chui. Amethibitisha pia kwamba alimwagiza Arcade Nzeyimana amletee alama. Ulinzi wodini umeondolewa saa 7:30 mchana. Silvester Thadei anatafutwa. Njia ya kisimani imefungwa mpaka mtego utakapotegwa. Shahidi ameonywa kuhusu maelezo yake ya kwanza, amesema ameelewa. Alipotakiwa kuweka dole gumba alisita, akauliza karatasi hii itakaa wapi na nani atakuwa anaishika. Nilimwambia itakaa ndani ya jalada, kabatini, chini ya ufunguo. Alifikiri kidogo, akaweka.

E. 4417 Koplo Nathanael