Mto Wenye Sura ya Mama

Chumba cha juu, nyuma ya duka la fremu
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Shemeji na mgongo wake? Wanangu wanakula, au bado wanachagua chagua? Mimi mzima wa mwili. Vidole vinanuka tapentaini, paa linavuja kwenye kona ya kitanda. Nimesogeza kitanda, yameisha. Ila roho imenichafuka.

Umeniandikia kwa furaha kwamba umenunua mtandaoni mto wa kochi wenye ile picha niliyomchora mama, ili uniunge mkono. Mungu akulipe kwa moyo huo. Lakini mimi sijauza mto. Siwezi kumtoa mama ili watu wamkalie.

Ni kazi ya binamu yetu, yule tunayemwita Meneja ingawa hajawahi kusimamia hata sufuria jikoni. Alikuja hapa na viatu vyake vilivyochongoka, akaniambia, "Dada, unaozea chumbani. Dunia iko mtandaoni." Akapiga picha kazi zangu zote, akanifungulia duka kwenye soko la mtandao, nywila akabaki nayo yeye. Nikamwachia.

Basi hiyo dunia yake nikaiona. Mmoja aliniuliza kama naweza kumtia mama ukijani kidogo aendane na mapazia yake. Mwingine akataka nimtoe makunyanzi. Watu wasiojua kushika hata brashi ya viatu, wananisahihisha mimi!

Nilipoisoma barua yako nilimfuata Meneja ofisini kwake, yaani meza moja ndani ya saluni. Hata haya hakuona.

"Picha nimewapa watu wa mito na vikombe," akasema. "Ndiyo biashara, dada. Jina linakua."

"Jina la nani? Hebu nionyeshe."

Akafungua simu huku akikuna kidevu. Pale niliposaini mimi, begani kwa mama, paliandikwa jina lake.

Sikuondoka. Nilimsimamia, wasusi wote wameacha vichwa vya watu wanasikiliza, mpaka akalifuta duka. Wenye soko nao niliwalalamikia. Wakajibu kwamba wanathamini maoni yangu, wakaniomba niwape nyota. Nyota! Mito iliyokwishauzwa ndiyo hivyo tena. Huo wa kwako mpe paka.

Siku hizi picha zangu ziko kwenye dirisha la fundi fremu, hapa chini. Juzi aliingia muuguzi anayetoka kazini, akamtazama mama, hata mkoba hakuutua. Mwishowe akaniuliza, "Huyu alikuwa nani kwako?" Kule mtandaoni hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamvutia kiti. Aliitaka picha, nikamwambia mama haendi kwa mtu.

Anakuja kwako. Nimemfunga kwa blanketi, dereva wa fundi atakuletea. Ukimtundika, usishangae ule weusi chini ya macho. Ndivyo alivyokuwa mwaka ule ulipougua wewe, akawa halali usiku.

Nisalimie shemeji, na wanangu waambie mama yao mkubwa anawabusu. Shangazi naye anakusalimu sana. Meneja hakunipa salamu, nami sikumwomba. Mungu awafunike nyote kwa amani yake.

Dada yako akupendaye, hata akiwa na hasira