Leso za Ugoro na Leso ya Mtoto

Mvumi, Kilosa
14 Januari 2024

Mke wa mwanangu Happyness,

Salamu nyingi. Mimi sijambo. Natumaini mjukuu wangu Magreti ananyonya vizuri na mshono wako wa uzazi umepona. Vitalis akipiga simu kutoka safarini, mwambie nilifika salama.

Naandika, sipigi, kwa sababu kwenye simu tutagombana tena.

Nimeacha leso zangu mbili za kahawia kwenye kamba yako. Mpe Damiano, kondakta wa basi la Kilosa, atanifikishia. Usizifue, zikunje tu.

Na hili nalisema mara moja. Leso niliyomfutia mtoto maziwa ilikuwa safi, niliitoa kwenye begi asubuhi ile. Ya ugoro ilikuwa kiunoni, kwenye pindo la kanga. Nanusa ugoro tangu Vitalis hajazaliwa, na sijawahi kumfuta mtoto na leso ya ugoro. Wewe ulininyang'anya mtoto mbele ya jirani yako Yusrah ukapiga kelele, "Mama, utamuua mwanangu!" Ndiyo maana kesho yake nilipanda basi.

Ni mimi mkweo,
Mama Vitalis


Mikumi
27 Januari 2024

Mama, shikamoo.

Habari za huko, na mvua inaendeleaje? Sisi tu wazima. Magreti ameongezeka kilo, mshono umefunga.

Leso zako ndizo hizo. Zimechelewa kwa sababu nilizifua, ingawa ulinikataza. Moja ilikuwa na ugoro kwenye kona. Niliitia kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, doa likazidi kuwa jeusi. Pole kwa hilo.

Mama, sisemi ulimfuta na ya ugoro. Nasema mimi sikuweza kujua. Zote mbili rangi moja, kitambaa kimoja, ukubwa ule ule. Kliniki nesi aliniambia tumbaku isimkaribie mtoto mchanga, hata ile iliyobaki mikononi. Ungenikuta mimi nimeweka kitambaa kama hicho mdomoni mwa mjukuu wako, ungefanyaje?

Nilipita sokoni nikutafutie nyingine, nikakuta za kila aina. Unapenda zipi?

Mke wa mwanao,
Happyness


Mvumi, Kilosa
9 Februari 2024

Happyness,

Marahaba. Mimi mzima, mvua imezidi, mahindi ya bondeni yamelala.

Doa la ugoro halitaki maji ya moto. Ukilichemsha linakaa moja kwa moja. Leso unaikung'uta kwanza nje, mbali na watu, upepo ukielekea porini. Halafu unailoweka kwenye maji ya baridi yenye chumvi, kwenye beseni lake peke yake. Maji yakigeuka kama chai unayamwaga, unatia mengine. Yakiwa meupe ndipo unatumia sabuni ya kipande. Unaianika juani, unaipiga pasi. Hiyo uliyoitia maji ya moto niliiloweka upya kwa subira, limebaki doa dogo tu.

Za kununua ni za pamba. Zile za tetroni zinazong'aa hazinyonyi kitu, zinasambaza uchafu usoni na kukuchubua pua. Ziwe kubwa, upate kona ya kufutia pua na kona ya kufutia machozi, maana ugoro mkali unatoa machozi. Angalia pindo: uzi ukiwa mnene, mpaka jioni pua imekuwa nyekundu. Rangi iwe ya giza. Nyeupe ni za wasionusa. Na mpya usiniletee na wanga wake wa dukani, ifue kwanza ilainike.

Uliniuliza ningefanyaje. Ningekunyang'anya.

Mama Vitalis


Mikumi
3 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Jibu lako nililisoma nikacheka peke yangu, mtoto akashtuka.

Nakutumia leso za maruni, pamba tupu, nimezifua mpaka zimeacha kutoa rangi. Humo pia kuna nyeupe zenye uzi wa njano pembeni. Hizo ni za Magreti. Nimezikata kwenye shuka kuukuu za gesti ninayofanyia kazi, laini sana. Ukiona nyeupe, ni ya mtoto. Ukiona maruni, ni yako. Hata mimi nikiwa na usingizi sitakosea.

Likizo yangu ya uzazi inakwisha na dada niliyempata wa kulea ameondoka. Vitalis yuko Tunduma na lori, foleni ya mpakani haisogei. Njoo, Mama. Ugoro wako njoo nao. Ninachoomba ni usinuse ndani, na unawe kabla ya kumshika mtoto.

Happyness


Mvumi, Kilosa
12 Machi 2024

Happyness,

Marahaba. Leso ni nzuri, pindo umelipatia.

Kuja siji. Nikija utakaa unaniangalia mikono kutwa nzima. Mtu mzima hachungwi hivyo, na mimi siwezi kulea huku nachungwa. Tafuta dada mwingine.

Mama Vitalis


Mikumi
19 Mei 2024

Mama yangu, shikamoo.

Umefika salama? Damiano kaniambia ulishuka vizuri na kapu lako. Mimi nimepata nguvu, juzi nimerudi kazini. Kwa sasa Yusrah ananishikia mtoto.

Siku ile nilipolazwa na malaria sikukutumia ujumbe. Niliona umeshasema huji. Kumbe Damiano alikueleza, ukapanda basi lile lile linalorudi. Nilipoinua kichwa wodini nikakuona dirishani umesimama na mtoto mgongoni, nikadhani ni homa.

Jana nilimuuliza Yusrah ulivyoishi na mtoto nilipokuwa sipo. Akasema, "Mkweo akitaka kunusa ananiita nimshike mtoto. Anakwenda kule nyuma ya uzio, akirudi ananawa mikono na uso, anabadili kanga, ndipo ananipokea. Mtoto hata alie, hamkimbilii kabla ya kunawa."

Nikamuuliza, "Kila mara?"

Akasema, "Kila mara. Mimi ndiye niliyechoka!"

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Hapakuwa na mtu wa kukuchunga, Mama.

Padri ametupa Jumapili ya mwisho ya Juni kwa ubatizo. Vitalis alisema mtoto nimbebe mimi mpaka kwenye maji. Nimemwambia atabebwa na wewe. Yusrah nimemwalika, na majirani wote waliosikia kelele zangu siku ile. Walioona nikikunyang'anya mtoto, nataka waone nikikukabidhi.

Mwanao,
Happyness


Mvumi, Kilosa
2 Juni 2024

Mwanangu Happyness,

Marahaba mara nyingi. Namshukuru Mungu umepona. Usiruke chakula cha asubuhi, umekonda.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Nitambeba.

Siku hiyo sitanusa tangu kuamka. Hujaniomba, nimeamua mwenyewe. Nikipiga chafya kanisani ni vumbi la mabenchi, usinigeukie.

Vitalis mwambie anunue kitanda. Safari hii silali kwenye kochi, kwa sababu nitakaa mpaka mtoto atembee.

Mama yako,
Costancia