Pete ya Mama Mkwe Ndani ya Chungu cha Shaba

Mwenzangu, nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko ndani ya chungu cha shaba, kwenye jumba la makumbusho, na hautoki.

Nilitaka kujua unene wa shaba tu! Mkono uliingia vizuri, ila pete aliyonipa mama mkwe imenasa kwenye shingo ya chungu.

Mlinzi alikuja mbio. "Dada, ulikuwa unatafuta nini humo?"
"Hakuna kitu."
"Basi umekipata."

Fundi wa jumba amekuja na sabuni, haikusaidia. Anasema nikiivua pete humo ndani mkono utatoka, lakini pete itabaki, kwa sababu chungu hakipinduliwi bila kibali cha kamati. Kamati hukutana mara moja kwa mwaka. La sivyo, aikate.

Mume wangu, niliyekuja naye, akampigia simu mama yake, sauti ikawekwa wazi sote tusikie.
"Isikatwe, wala isiachwe. Nilivishwa na marehemu baba yenu."
"Mama, na mkono wangu?"
"Mkono ni wako, mwanangu. Pete ni yangu."

Mkono ni wako, pete ni yangu! Miaka tisa nampikia yule mama.

Watalii wananizunguka. Mmoja amesoma kibao cha maelezo, kisha akanitazama tena.

Fundi akamgeukia mume wangu. "Bwana, tukate au tuache?"

Akanitazama. Akaitazama simu, mama yake bado yuko hewani. Akamwuliza fundi, "Choo kiko upande gani?"

Ni dakika ishirini sasa tangu aende.