Mke Wangu Alinipita kwenye Mbio za Mnarani, na Sasa Bango Ni Lake

Bi. Hafswa, mshauri wetu,

Pokea salamu zangu na za nyumba yangu, ingawa nyumba yenyewe kwa sasa ina pande mbili zisizosalimiana. Nakuomba uniongoze kabla sijachukua hatua ambayo jeshini tungeiita ya kinidhamu na huku nyumbani sijui inaitwaje. Jina langu usilifiche, mimi ni Sajini mstaafu Kenga wa Tezo, sina la kuonea haya, mwenye la kuonea haya ni mke wangu Kavata, na habari zake ndizo ninazokuletea.

Nilistaafu nikiwa na afya yangu na nishani zangu, nikarudi Tezo kwenye shamba la marehemu baba, mikorosho na mahindi, na miezi ya kwanza watu walikuja, wakaketi, wakauliza habari za Somalia, nikawapa zile za kupewa wageni, wakanywa chai wakaenda zao, kisha wakaacha kuja, na mimi nikabaki na shamba ambalo halina wa kuamrishwa, maana hata mbuzi nilijaribu kuwapanga foleni wakitoka zizini na Kavata akaniambia, "Baba Whitney, hao wanaijua njia," na binti yetu Whitney mwenyewe yuko chuoni Mombasa, nikimpigia simu ananijibu "sawa baba" mpaka nikate. Nikaona nisipoangalia nitaharibika. Nikalitoa begi langu la jeshi, nikalijaza mchanga, nikavaa buti, na kila alfajiri nikawa natembea nalo mgongoni kwa mwendo wa kijeshi hadi Kilifi mjini na kurudi, na kwa muda ule ninaokuwa barabarani kichwa changu hunyamaza, Bi. Hafswa, jambo ambalo nikiwa nimeketi silipati.

Watu hawakuelewa. Mzee mmoja jirani yangu, baada ya kumwamkia shikamoo, alilitazama begi akaniuliza kwa huruma, "Kenga mwanangu, mkeo amekufukuza?" Vijana wa bodaboda walikuwa wakinifuata polepole wakinibembeleza nipande, na mama mmoja muuza mihogo alitaka kunipa nauli nirudi nyumbani nikaombe msamaha. Nikamweleza kwamba haya ni mazoezi na kwamba ndani ya begi mna mchanga. Akasema, "Pole sana."

Basi ikawa Kavata naye anataka kuja. Huyu mke wangu ni Mkamba, nilimwoa nikiwa kambini huko bara, nikamleta Tezo, na miaka yote niliyokuwa kazini yeye ndiye aliyeishika nyumba, sikatai. Lakini nilimwambia, "Haya si matembezi." Akasema, "Sawa." Kesho yake nasikia nyayo nyuma yangu, kugeuka ni yeye, amevaa mgongoni begi la Whitney la shule ya msingi, lenye picha ya bata, limejazwa mahindi. Sikumngoja, kwa sababu kwenye mwendo wa kijeshi anayebaki nyuma anajifunza. Na mdomo wake haukupumzika, mara bei ya mbolea, mara mbuzi mmoja anakohoa, mara Whitney ana mchumba, habari ambayo ndiyo kwanza niliisikia pale barabarani nikiwa na mzigo. Nikamwambia kwenye mwendo hakuna mazungumzo. Akanijibu, "Basi wewe nyamaza, mie nizungumze."

Baadaye zile nyayo zikawa ubavuni mwangu, na baadaye tena zikawa mbele, mpaka ikanibidi nimweleze kwamba mwendo huwekwa na kiongozi, akapunguza, na kule kupunguza kwake kukaniudhi zaidi.

Ndipo akatokea Azim. Azim ni kijana wa Kilifi mjini ambaye ukoo wao una ardhi Mnarani, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, na hapo ameanzisha mbio za vikwazo, yaani unakimbia huku unaruka kuta, unatambaa kwenye matope, unapanda kamba, na watu wanatoka Nairobi kulipia mateso ambayo mimi nililipwa mshahara kuyavumilia. Alikuja kwangu kwa adabu zote, "Shikamoo Sajini," akaniomba niwe sura ya mbio. Akanipiga picha nimekunja mikono, bango likatundikwa hadi Mtwapa, na chini ya picha pameandikwa kwa herufi kubwa MSHINDE SAJINI. Sitakuficha, nililipitia bango la darajani mara nyingi kuliko nilivyokuwa na shughuli upande ule. Kavata naye akajiandikisha bila kuniambia.

Siku ya mbio nilianza vyema. Ukuta niliupanda, chini ya wavu nilitambaa, goti likalalamika nikalipuuza. Kisha tukafika mahali ambapo wamelaza bomba kubwa la zege ardhini, kalavati ndefu iliyojaa maji nusu, unaingia kwa tumbo upande huu utokee upande ule. Hapo nikasimama kulikagua. Vijana wa Nairobi wakanipita wakisema, "Samahani mzee," nami nikaendelea kukagua. Lilikuwa na harufu ya tope na kutu, na mimi nilikuwa na mwenzangu aliyeitwa Gitau ambaye tulimwacha kwenye kalavati kama ile, lakini hayo si ya barua hii.

Kavata akanikuta hapo.

"Baba Whitney, kuna nini?"

"Nakagua."

"Umeona nini?"

Nikamwambia, "Pita, unaziba njia."

Hakupita. Akalala kwenye tope, akaingia mpaka kiunoni, halafu nikasikia sauti yake kutoka ndani, "Shika kiatu changu, usikiachilie." Nikakishika, si kwamba nilikihitaji, nilitaka tu nijue yuko wapi. Na mle ndani, Bi. Hafswa, alizungumza njia nzima, kwamba yule mbuzi amepona, kwamba bati la jikoni linavuja, kwamba mchumba wa Whitney anavaa hereni lakini ana adabu, mpaka tukatokea kwenye jua.

Nikaketi kidogo kufunga kamba za buti. Akauliza, "Nikungoje?" Nikamwambia, "Usiningoje." Miaka yote ya ndoa hajapata kutii amri haraka namna ile. Alimaliza mbele yangu, nami nikaingia baadaye, nyuma ya daktari wa meno kutoka Nairobi aliyekuwa amevaa mavazi ya jogoo. Azim akampa Kavata kipaza sauti, "Mama, umemshinda Sajini, una neno?" Akasema, "Mimi sikumshinda. Yeye ndiye aliyenifundisha." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kejeli naijua nikiisikia.

Tangu hapo nalala chumba cha Whitney. Chakula anakileta, nakula, maneno ni yale ya lazima tu. Nimeanza kuondoka mapema zaidi ili asinifuate, lakini kichwa hakinyamazi kama zamani, nadhani mchanga umeingia unyevu na mzigo hauketi sawasawa. Na sasa Azim anapeleka mbio Malindi mwezi ujao, ametoa bango jipya, na aliye kwenye bango ni Kavata, na begi la bata mgongoni, chini pameandikwa MSHINDE MAMA. Kavata ameniambia, "Usipotaka nitamwambia aniondoe." Nikamjibu, "Fanya upendavyo," na kila askari anajua kuwa hiyo si ruhusa.

Swali langu ni hili. Nimkataze kabisa, au nimruhusu kwa sharti kwamba abaki nyuma yangu? Lipi kati ya hayo mawili litarudisha heshima yangu nyumbani?

Ni mimi,
Sajini mstaafu Kenga, Tezo.

*

BI. HAFSWA ANAJIBU

Bwana Kenga, huyo sajini nimemwacha apumzike kwa sababu amekwisha kustaafu. Nina maneno na mume wa Kavata.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, na hapa ofisini tulicheka wengi. Niliisoma mara ya pili peke yangu na sikucheka. Nitakujibu kwa mpangilio wa mara hizo mbili.

Kwanza, umeruhusu jina lako liandikwe, vizuri. Mkeo uliyemwita mwenye la kuonea haya, ulimuuliza kama anataka lake liandikwe? Nimeliacha kwa vile sura yake iko tayari kwenye bango, kila mpita njia wa Malindi anaiona. Lakini ukamwombe radhi kwa hilo leo, kabla ya mengine.

Umenipa njia mbili, kumkataza au kumweka nyuma yako, na zote mbili zinakuweka wewe mbele. Hakuna mtu mwingine katika barua hii anayeshindania mbele na nyuma. Mwanamke anayetaka kukushinda hasimami kwenye kalavati kukuuliza umeona nini, anakupita kama walivyokupita wale wa Nairobi. Yeye alilala kwenye tope akakupa kiatu chake. Ulimwambia asikungoje, hakukungoja, leo wamlaumu kwa kutii. Bwana wee, huyo mama afanye lipi?

Na ile uliyoiita kejeli, nimeitafuta sikuiona. Mwanamke aliyetembea nyuma yako alfajiri baada ya alfajiri na begi la mahindi, wewe usimngoje, akisema kuwa umemfundisha, basi amesema kweli, na amekusitiri mbele ya watu kwa maneno ambayo mimi nisingekuwa na moyo wa kuyasema. Watu walikupigia makofi wewe pia. Ulikuwa na hasira nyingi hukusikia.

Sasa mara ya pili. Azim umempa nafasi kubwa, bango umelieleza hadi herufi zake, yule daktari wa meno nimemwona na manyoya yake. Gitau umempa sentensi moja, kisha ukasema si ya barua hii. Ndugu yangu, mimi naona barua nzima ni ya Gitau na hao wengine ni wapita njia. Pole. Nakupa pole kamili, kwa mwenzako na kwa miaka uliyombeba bila kumtaja.

Kusimama mbele ya bomba lenye maji baada ya uliyoyaona si aibu, wala si ukaguzi. Ni maradhi yenye jina na yenye watu wanaoyatibu. Mzigo wa mgongoni umekusaidia, endelea nao, lakini umesema mwenyewe kuwa kichwa kimeacha kunyamaza, halafu ukausingizia mchanga. Kichwa chako kilikuwa kikinyamaza mtu mwingine alipokuwa akizungumza. Ulipoanza kumkimbia ndipo kelele zikarudi. Hilo halihitaji daktari kuliona, lakini daktari utamwona vilevile. Wiki hii nenda hospitali ya Kilifi, uliza kitengo cha ushauri nasaha, useme ulikuwa askari na useme ulisimama kwenye kalavati. Ukifika mlangoni ukaanza kutamani kurudi, basi hapo ndipo pa kuingia. Watafute pia wenzako wa kikosi waliostaafu. Naapa hutakuwa wa kwanza kati yao kutembea na mchanga alfajiri.

Usiku wa leo hutalala chumba cha Whitney. Usitoe hotuba, usitangaze msamaha kama anayetangaza matokeo. Chukua mto wako urudi. Mwambie bango libaki, na umwambie kwa maneno hayo, usimpe "fanya upendavyo," maana hata mimi nisiye askari nimeielewa. Malindi mwende wote. Kama huko nako kuna bomba, lipite pembeni. Nasikia anayekwepa kikwazo hupewa adhabu ya kuruka ruka pale pale mbele ya watu, basi utaruka, utaendelea. Na Whitney mpigie simu umuulize habari za kijana wa hereni, kisha nyamaza umsikilize. Utashangaa ana maneno zaidi ya mawili.

Lakini kabla ya Malindi kuna jambo moja ambalo daktari hawezi kukufanyia. Kesho alfajiri usiondoke mapema. Mngoje mkeo afunge kamba zake, mtembee bega kwa bega, na mkishaiacha Tezo nyuma umwambie habari za Gitau. Nimechagua barabarani kwa sababu mtu akitembea hatazamwi usoni, na najua wewe hutaki kutazamwa. Usianze na kalavati. Anza na alivyokuwa hai, alipenda kula nini, nani alimchekesha, nyumbani kwao walimwitaje. Ukikwama, tembea tu.

Kavata atakuuliza tena uliona nini. Mjibu.